Mjomba, Inama

Tangu nianze kupanda baiskeli ya mbio, lami ya Buzuruga, Mwanza, naijua kuliko mkandarasi aliyeimwaga. Najua ilipopasuka, najua ilipotiwa kiraka, najua mahali gari la dagaa lilipochuruzisha maji yake na barabara ikabaki inanuka Ukerewe. Nisichokijua ni nani nimepishana naye. Wiki jana mama muuza ndizi wa pale njia panda yetu alimwambia mama watoto, "Mwenzangu, mumeo siku hizi kavimba kichwa, anatupita kama hatujui." Sijavimba kichwa. Kichwa nimekiinamisha tu, na ni kwa maelekezo ya kitaalamu.

Mtaalamu mwenyewe ni mpwa wangu, mtoto wa dada. Anasoma uhandisi, na kila chuo kikifunga hufikia kwangu kula ugali na kunikosoa. Siku moja alikuwa amekaa kibarazani akaniona narudi kutoka sokoni na Phoenix yangu. Akanitazama tangu mbali hadi nikaegesha, kisha akasema, "Shikamoo mjomba. Umekaa kama tanga la mtumbwi, ila unakwenda upande upepo unakotoka."

Marahaba nikaitika. Lakini liliniuma.

Phoenix ile ni urithi. Ni zile nyeusi za Kichina, ringi namba 28, breki za fito siyo za waya. Baba aliinunua kwa pesa ya pamba, enzi ambazo msimu ukiisha mwanamume asiyenunua baiskeli alikuwa hana la kuchangia barazani. Keria yake imebeba mpunga, mkaa, mbuzi wa mahari, na shangazi yangu mkubwa ambaye kilo zake hazikuwahi kutangazwa. Ukiipanda unakaa kama hakimu: mgongo wima, mikono imeshuka, macho mbele. Unaona watu na watu wanakuona. Asubuhi "Mwangaluka!", mchana "Mwadila!", mkono mmoja hewani, mwingine kwenye usukani, na chombo hakitetereki. Sikuwahi kujiuliza nakwenda kilomita ngapi kwa saa. Nilikuwa nafika.

Mpwa akachukua karatasi iliyofungiwa maandazi, akaanza kuchora. Mtu mzima asiye mwanamichezo, alisema, akinyonga kwa muda mrefu bila kuzimia hutoa kama wati 100.

"Mia moja?"

"Ndiyo, mjomba. Taa moja ya zile za zamani."

Mimi mzima, na ugali wangu, na sato wangu, na miaka yangu arobaini na tisa, ni taa moja ya choo. Nikanyamaza aendelee. Akasema taa hiyo, kwenye barabara tambarare, kazi yake kubwa ni kugombana na hewa. Ukienda polepole hewa inakupisha, lakini ukiongeza mwendo mara mbili hewa inakusukuma nyuma mara nne, na nguvu unayotakiwa kutoa inakuwa mara nane. Nikamuuliza kama hiyo ni hewa au ni mkopo wa kausha damu. Akaendelea kuchora. Ugomvi wote huo, karibu robo tatu yake mgombanaji ni mwili wa mwendeshaji, baiskeli inachangia kidogo tu. Kwa hiyo taa ileile moja, ikikaa kihakimu juu ya Phoenix, itakwenda kama kilomita 19 kwa saa. Ikiinama chini, mikono kwenye pembe za usukani wa resi, na tairi nyembamba zikisaidia, itakwenda kama 25.

"Kilomita sita kwa saa, mjomba. Bure."

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Hapa Mwanza kitu cha bure ni mawe tu, nayo siku hizi yana wenyewe. Lakini kijana alikuwa ameshika kasi. Akanikumbusha kwamba ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, kwa hiyo hewa tunayopasua ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya kumi kuliko ile ya Dar. Mbelgiji Eddy Merckx, mwaka 1972, alipanda ndege hadi Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, kuifuata hewa nyepesi tu, akazunguka uwanja kilomita 49.431 ndani ya saa moja. Mimi nimezaliwa ndani ya punguzo hilo, na miaka yote hii hakuna aliyeniambia.

Pesa ilikuwapo, tatizo ni kwamba ilikuwa na jina. Jina lake lilikuwa godoro. Godoro la watoto limebaki jembamba kama chapati ya mpishi mchoyo. Wakilala, mbao za kitanda zinawachora mistari mgongoni kama pundamilia. Tulikuwa tumekusanya laki mbili na nusu, futi nne kwa sita, kila kitu kimepangwa. Mpwa akapata baiskeli ya mtumba iliyotoka Ulaya, kwa laki mbili na nusu kamili. Nikamwambia mama watoto kwamba ni kwa ajili ya presha yangu, afya kwanza, godoro litakuja. Hakujibu. Alinyamaza ule unyamavu ambao waliooa wanaufahamu, akaenda kugeuza godoro upande wa pili, kama vile upande huo haukuwa umeshageuzwa mara nane.

Fundi wangu anakaa chini ya mwarobaini, si mbali na stendi ya Buzuruga. Nilimpelekea ile mashine aikague. Akaizunguka. Akainyanyua kwa vidole viwili.

"Ngosha, hii imekonda. Vitu vyake viko wapi?"

Haikuwa na madigadi wala kengele. Haikuwa na stendi ya kusimamia wala keria. Mpwa akaeleza kwamba hivyo vyote ni uzito na ni upepo. Fundi akamtazama kwa huruma, kama mtu anayeambiwa nyumba isiyo na paa ina faida ya mwanga.

Kisha akaegesha Phoenix na resi ubavu kwa ubavu, na hapo nikiri nilijifunza jambo. Bomba linaloshika kiti kwenye Phoenix limelala nyuma, kama nyuzi 68 hivi kutoka ardhini. Kwenye resi limesimama, nyuzi 73. Nyuzi tano unaweza kuziona ni kitu kidogo, kama kilo tano kwenye gunia. Lakini zile tano ndizo zinazokuketisha nyuma ya pedali, makalio yakibeba kila kitu kwenye kiti chenye springi, au kukusogeza mbele juu ya pedali, uzito ukagawanywa kati ya kiti na viganja. Foku ya Phoenix nayo imejitanua mbele kama mzee aliyenyoosha miguu kibarazani. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni kama sentimita 115. Ya resi haifiki 100. Ndiyo maana Phoenix ikipita kwenye shimo inayumba kidogo kwa heshima, ukiipakia gunia inatulia zaidi, na ukiiambia twende kushoto inafikiri kwanza. Hii nyingine inakwenda kushoto wewe ukiwa bado unatafakari.

"Kwa hiyo hizi nyuzi ndizo zina mbio?" nikauliza.

"Vyuma havina mbio, Ngosha," fundi akasema, huku akitafuta spana. "Vinakukunja tu. Mbio ni zako wewe uliyekunjwa."

Nilipaswa kuondoka pale pale nikiwa na hekima hiyo na pesa ya godoro. Lakini pesa ilikuwa imeshaondoka kabla yangu.

Kwanza ikaja habari ya kiti. Sisi wote mtaani tunaweka kiti chini ili tukisimama miguu ifike ardhini, ndiyo maana tunanyonga magoti yakipiga karibu na kidevu kama panzi. Fundi akakipandisha juu, akaniambia niweke kisigino kwenye pedali iliyoko chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Ukishaweka mguu mahali pake, sehemu ile nyuma ya vidole, goti linabaki limekunjika kidogo. Hapo ndipo paja linatoa nguvu yake yote. Sawa. Lakini hapo pia ndipo ukitaka kusimama unagundua kuwa ardhi iko mbali. Inabidi ushuke kitini kwenda mbele, uchuchumalie lile bomba la juu, na bomba la juu nalo lina mambo yake na mwanamume wa miaka arobaini na tisa. Tusiende huko.

La pili sikuambiwa na mtu. Baiskeli yenyewe fremu yake ni fupi kidogo kwangu, na gurudumu la mbele limesogezwa karibu sana na pedali. Ukienda moja kwa moja huoni shida. Ukikata kona kali kwa mwendo mdogo, ncha ya kiatu inakutana na tairi. Mimi kona yangu ya kwanza kali kwa mwendo mdogo niliikatia mbele ya kijiwe cha bodaboda, saa kumi jioni, watu wamejaa. Sikuanguka kwa haraka. Ningeanguka haraka ingekuwa ajali, na ajali ina heshima yake. Nilianguka taratibu, kama mti unaokatwa na mtu asiye na mpango, huku wote wakipata muda wa kugeuka na kutazama.

"Mzee pole," mmoja akasema akinyanyua baiskeli kabla ya kuninyanyua mimi. "Imezimika?"

Halafu kuna kuinama kwenyewe. Usukani wa resi una mahali patatu pa kushika: pale juu karibu na shingo, pale kwenye vishikio vya breki, na kule chini kwenye pembe zilizojikunja kama za kondoo dume. Kadiri unavyoshuka ndivyo kifua kinavyojificha na upepo unavyopita juu ya mgongo badala ya kukupiga usoni. Kwenye karatasi ya maandazi ilikuwa mistari miwili na mshale. Kwenye mwili wangu kuna kitu cha tatu ambacho mchoraji hakukichora, nacho ni kitambi. Nikishuka kwenye pembe, kila goti linalopanda linagonga kitambi, na kila kitambi kinachogongwa kinatoa sauti. Mpwa ananikimbilia pembeni akipaza sauti, "Mjomba, inama! Kunja nyonga, siyo mgongo! Viwiko ndani!" Nyonga yangu mara ya mwisho kukunjwa hivyo ilikuwa wakati wa ngoma ya bugobogobo kwenye harusi ya mdogo wangu, na wiki nzima baadaye nilitembea kama nimeazima miguu.

Dakika kumi tu, shingo inauma kwa kuinua kichwa nitazame mbele, kwa hiyo naacha kukiinua, na ndiyo hiyo habari ya kuijua lami. Dakika ishirini, kidole kidogo na jirani yake vinakufa ganzi, maana kuna neva inayopita kiganjani na mimi nimeilalia. Kuna neva nyingine pia, ya kwenye kiti, lakini gazeti hili linasomwa na watoto.

Nilirudi kwa fundi. Akainua shingo ya usukani sentimita tatu. Mpwa alilalamika kana kwamba nimeuza kiwanja cha ukoo: kila sentimita unayopanda, mjomba, upepo unashangilia. Fundi akajibu, bila kuacha kufunga nati, kwamba mkao usioweza kukaa nao robo saa hauna mbio hata kidogo, maana utainuka tu, na ukiinuka umekuwa hakimu tena, tena hakimu mwenye maumivu. Mhandisi hakuwa na jibu. Nilimpa fundi elfu mbili zaidi ya bei.

Jioni, nikiwa nimejipaka dawa ya kuchua mgongoni, mpwa hunitia moyo kwa historia. Simu yake imejaa wazungu waliokunjika. Yupo Mmarekani Greg LeMond, mwaka 1989, siku ya mwisho ya mbio za Ufaransa, alikuwa nyuma kwa sekunde 50 na zimebaki kilomita 24.5. Akafunga usukani wenye mikono ya kuegemea viwiko mbele, akajifanya mshale, akamshinda Laurent Fignon kwa sekunde 8. Fignon alikuwa kichwa wazi na mkia wa nywele ukipepea nyuma. Sekunde nane kwa wiki tatu za kunyonga! Mimi sekunde nane natumia kukohoa.

Yupo Mskoti Graeme Obree, ambaye mwaka 1993 aliunda baiskeli yake mwenyewe akatia humo gololi zilizotoka kwenye mashine ya kufulia nguo. Mikono aliikunja chini ya kifua kama kuku anayelala, akaivunja rekodi ya saa moja kwa kilomita 51.596. Wakubwa wa UCI, lile shirikisho la baiskeli la dunia, wakatazama, wakaona si adabu, mwaka uliofuata wakaupiga marufuku mkao wake. Akabuni mwingine, mikono imenyooshwa mbele kama Superman. Nao wakaupiga marufuku baadaye. Yule Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefundwa na Mkenya David Kinjah, mwaka 2016 aliteremka mlima Peyresourde kule Ufaransa akiwa ameketi juu ya bomba la fremu, kidevu kwenye usukani, huku ananyonga. Alishinda siku hiyo. Tangu Aprili 2021 ukiketi pale unaadhibiwa. Nimeona tabia ya hawa wakubwa: ukigundua namna ya kukaa, wanakuja na barua. Kwetu mwenyekiti wa mtaa yuko hivyohivyo kuhusu vibanda.

Lakini ninayempenda mimi ni Mfaransa Francis Faure. Huyu mwaka 1933 alipanda baiskeli ya kulala chali, miguu mbele, kichwa nyuma, kama mtu aliyemaliza kula Jumapili. Akavunja rekodi ya saa, kilomita 45.055. Mwaka 1934 wakasema hiyo si baiskeli, wakaifungia nje ya mashindano, na iko nje mpaka leo. Nikamwita mama watoto aje asikie. Imethibitishwa tangu enzi za babu kwamba mwanamume akilala anakwenda mbio kuliko akikaa.

"Alilalia godoro?" akauliza, akarudi jikoni.

Nisiwadanganye, nilikuwa na hamu. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalikuja Kigali, mara ya kwanza Afrika, hapo tu ng'ambo ya Kagera. Tuliyatazama kibanda umiza, wanne tu, kwa sababu kwenye skrini ya pili kulikuwa na mpira. Wanaume walinyonga kilomita 267.5, vilima juu ya vilima, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Mpwa alikuwa ananieleza kwamba kwenye kilima mwendo unashuka, kwa hiyo hewa inapoteza ugomvi wake, na mdai mpya anakuwa uzito. Ndiyo sababu kwenye mwinuko wanainuka kidogo na kushika usukani juu, wakipata tambarare wanazama tena. Nikamwambia basi mimi nina madeni pande zote mbili.

Jumamosi iliyofuata nikaamua kwenda Kisesa. Nilitoka saa tisa alasiri. Nilivaa kaptula ya kubana aliyoniletea mpwa, nikapita njia za nyuma hadi barabara kubwa ili watoto wasinifuate. Nikashika pembe, nikainama. Na jamani, nilikwenda! Nyakato niliipita sikuiona. Igoma nilipita bajaji iliyokuwa na abiria watatu na kreti za soda, dereva akageuka. Pumzi ilikuwapo, magoti yalikuwa mepesi, hata kitambi kilipisha. Upepo nilikuwa siusikii kabisa masikioni, nikajua ndiyo hiyo, nimekuwa mshale, hewa inateleza juu ya mgongo wangu kama maji juu ya bata. Kisesa nilifika nikiwa mtu mwingine. Nilinunua soda, nikamweleza muuza matikiti habari ya nyuzi 73. Alisikiliza kwa adabu, akaniuliza kama nanunua zima au kipande.

Nikageuza.

Mtu wa ziwani kama mimi nilipaswa kujua. Jua likishaichemsha nchi kavu, hewa ya huku inapanda, na ile ya baridi iliyokuwa imetulia juu ya ziwa inaingia kuchukua nafasi. Kila mvuvi wa Kirumba anaijua saa yake. Upepo huo ndio ulionibeba mgongoni tangu Buzuruga kama mtoto, nami nikaipa sifa ile baiskeli ya mtumba. Sasa ulikuwa unanisubiri wote, uso kwa uso, na mahesabu yote ya karatasi ya maandazi ndani yake: hewa haijali kama ni wewe unayeifuata au ni yenyewe inayokuja, inajumlisha. Nilishika pembe. Nikainama mpaka nikanusa tairi. Viwiko ndani. Mwanafunzi mmoja wa sekondari, kwa miguu, tulikwenda naye sambamba muda mrefu kiasi kwamba ikabidi tusalimiane.

Karibu na Igoma, kutoka barabara ya vumbi, ukaingia mbele yangu ukuta.

Ulikuwa ukuta wa magodoro. Manne, yamekunjwa na kufungwa kwa mipira, yamesimamishwa juu ya keria moja upana wa mlango wa gereji. Chini yake kulikuwa na tairi, na mahali fulani mbele, nilikisia, palikuwa na mtu, maana miguu miwili ilionekana ikipanda na kushuka polepole bila haraka. Ilikuwa Phoenix. Kiti chini, magoti nje. Nikasogea nyuma yake nimpite.

Upepo ukakatika kama umeme.

Mwanzoni nilidhani nimezimia. Masikio yalinyamaza, jasho likaanza kuchuruzika moja kwa moja badala ya kwenda kando, na pedali zikawa zinazunguka zenyewe. Yule bwana alikuwa anaipasua hewa yote na kuniachia nyuma yake chumba kitupu, nami nimo, nusu mita kutoka kwenye tairi yake, naelea. Nilichungulia kando kidogo kama naweza kumpita: kofi la uso. Nikarudi chumbani. Kwa mara ya kwanza nikainuka, nikakaa mgongo wima, mikono juu, hakimu kamili, na bado nilikuwa nakwenda. Katika nadharia zote za mpwa wangu hakuna mkao uliowahi kunifaa kama kukaa nyuma ya magodoro ya mtu.

Tukapita Nyakato hivyo. Nilianza kusoma maandishi: futi tano kwa sita, futi nne kwa sita mawili, futi tatu na nusu. Tukafika Buzuruga. Njia panda ya kwangu ilikuja, nikaiona, nikatazama jinsi miti ya upande wa ziwa ilivyokuwa inainama, nikasema nitashuka mbele kidogo nirudi na upepo. Nilisikia sauti ya mama muuza ndizi ikiita jina langu. Nilitaka kuinua mkono, lakini mkono ungetoka nje ya magodoro.

Tulipofika Mabatini, magodoro yakasimama ghafla. Nilishika breki mbili, nikachuchumalia bomba, ncha ya kiatu ikagusa tairi, lakini safari hii sikuanguka. Yule bwana akashuka, akaegesha mzigo wake kwenye nguzo, akaja nyuma akijifuta uso. Alikuwa mtu mzima kama mimi, kandambili miguuni. Alitazama kaptula yangu, akaona yatosha, akahamia usoni.

"Mwadila, Ngosha. Nakusikia unahema nyuma yangu tangu Igoma. Unataka godoro?"

Ningemwambia nini? Kwamba mimi, baba wa watoto wanne, nilikuwa nimejificha?

"Nne kwa sita bei gani?" nikasema.

"Laki na sabini. Lakini wewe umenifuata mbali, lete laki na sitini."

Nilikuwa na elfu tatu na chenji ya soda. Nikampigia mama watoto. Nikamwambia nimepata godoro, zuri, bei ya kutupa, atume pesa ya kikoba chake, nitarudisha mwisho wa mwezi.

"Uko wapi?"

"Mabatini."

"Si ulikwenda Kisesa?"

"Nilifika."

Unyamavu ule ule. Nikauhesabu: ulizidi sekunde nane. Halafu simu ikalia kwa meseji, pesa imeingia, na ya kutolea ameongeza.

Yule bwana akalifungua godoro moja, akalikunja upya, akalikaza vizuri na kulibana kwapani. Akachukua mipira miwili, akaja nyuma ya baiskeli yangu akainama kutafuta keria. Akazunguka upande wa pili. Akasimama, akanitazama, akazunguka tena, safari hii taratibu.